Sindano Kwenye Kola

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Sikuota, wala sikuhadithiwa. Yalinipata mimi, mchana kweupe, hapa sokoni Kamina ninaposhonea nguo.

Mama mmoja muuza samaki, mgeni kutoka Bukama, alisimama mbele ya cherehani yangu akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

“Mama, munipeko sindano na kiyoo,” aliniomba. “Kuko kitu inatembea mu mudomo yangu.”

Akaondoa mkono. Niamini: hakuwa akisema neno, lakini mdomo wake wa chini ulikuwa ukicheza. Kitu chembamba, cheupe, kilijipinda chini ya ngozi, kikanyooka, kikaelekea shavuni. Wewe ungefanya nini? Mimi nilipiga kelele, “Mulozi!” Na sindano nilikuwa nayo, nimeichomeka kwenye kola.

Nani sokoni angeuliza ushahidi? Kapu lake lilipinduliwa, samaki wakakanyagwa, akafukuzwa kwa mawe hadi relini. Hakumtukana mtu. Jioni walinisifu kwa macho yangu makali, nami nikafurahi.

Mvua zilipokwisha, mdomo wangu mwenyewe ukaanza kucheza.

Sasa ningemwambia nani? La kumfanyia mtu wa namna hiyo niliwafundisha watu wa soko mwenyewe. Nilijifunga kitambaa, nikasingizia jino, nikawa nakula peke yangu kama mwizi. Niliamini yule mama ananilipizia. Woga uliponizidi nikaenda zahanati. Muuguzi alichukua sindano, akachokoa kidogo, akavuta kitu kama uzi, karibu urefu wa kidole, kingali kikijinyonganyonga.

“Hii haiko bulozi, mama,” akaniambia. “Njo munyoo ya ng’ombe na nguruwe. Inaingia na kadudu unameza mu maji ao mu chakula. Ku bantu iko mara moja moja sana. Hata miye sijaionaka, niliisomaka tu mu kitabu.”

“Muntu anaweza kuipatia mwenzake?”

“Hapana.”

Kazi yote ilikuwa fupi kuliko kupachika kifungo.

Nimekwenda Bukama mara mbili kumtafuta. Wenzake wanasema habari za ulozi zilifika kabla yake. Hakuna aliyenunua samaki wake tena, mume akamfukuza, na hawajui alikoelekea. Nina uchungu, na ninaustahili.

Muuguzi anasema mdomo wangu umepona. Mimi bado nausikia ukicheza, hasa mtu akinisifu macho. Basi wewe unayenisikiliza, mtu akikuomba sindano, mpe kwanza. Kuogopa utaogopa baadaye.