Maharage ya Rolande yaliyolala chini ya vitenge

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, ukungu bado umetanda juu ya bustani za Evere, pembezoni mwa Brussels. Rolande Nabintu ameinama kati ya mistari ya maharage yake, anabonyeza ganda moja baada ya jingine kwa kidole gumba. Analisikiliza kila moja. Kisha anatikisa kichwa na kuliachia taratibu.

"Bado," anasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Bado iko na maji ndani."

Nyuma ya uzio kuna maghorofa, na juu yake ndege inayoshuka kwenye uwanja wa Zaventem inapita chini kiasi kwamba mazungumzo yanasimama mpaka ipotee. Hapa wamezoea. Mtu hukatisha neno lake katikati, hungoja, kisha huendelea pale pale alipoachia.

Kwenye benchi la mbao kando ya kibanda cha majembe, watu wawili wanabishana kuhusu anga.

"Angalia vile ciel iko propre," anasema Donat Tshibangu, dereva mstaafu wa basi, mzaliwa wa Lubumbashi. "Ile brouillard ikitoka, hautaona nuage hata moja. Mupepo hakuna. Mi nakuambia, leo usiku gelée, ile baridi ya kugandisha, inashuka."

"Ulisema hivyo hivyo wiki iliyopita, ikanyesha," anamjibu kwa Kifaransa Godelieve, ambaye katika maneno ya Donat hunasa yale ya Kifaransa tu, mjane Mfleming aliyezaliwa mtaa huu huu na anayelima kiwanja kinachopakana na cha Rolande.

Rolande anakuja kuketi nao, anafungua thermosi, anamimina kahawa katika vikombe vya plastiki. Mazungumzo yanakwenda yanakotaka. Goti la Godelieve, ambalo hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Mgomo wa tramu. Mjukuu wa Donat, Sephora, aliyekataa bugali mbele ya wageni na kuomba tambi.

"Alors nikamuambia, weye ni mutoto ya Katanga ao ya Italie?" Donat anasema, na wote wanacheka.

Ni soga ya kawaida ya wakulima wakati majani yanapukutika na kazi imepungua. Mimi, mwandishi wa makala haya, nilikuja kusikiliza soga hiyo tu. Sikujua kwamba ningeondoka na habari nyingine kabisa.

Rolande ana miaka hamsini na minane. Siku za kazi huamka kabla ya mapambazuko, hupanda basi hadi Woluwe-Saint-Lambert, na kunapokucha huwa tayari anapiga deki korido za hospitali moja ya upande huo.

"Kule niko natosha buchafu yenye wengine bameacha," anasema. "Huku ni miye njo naacha kitu. Ukirudi kesho, unakikuta."

Aliondoka Walungu, kwenye milima iliyo juu ya Bukavu, mwaka 2003. Alipitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika Ubelgiji, na tangu hapo hajarudi nyumbani. Mama yake, Nsimire, alibaki kilimani na shamba lake.

Maharage yenyewe yalimfikia Rolande miaka kumi hivi iliyopita, ndani ya soksi ya dada yake aliyekuja Brussels kwenye harusi. Ni maharage marefu, yanayopanda miti, yenye mbegu za zambarau iliyokolea na doa jeupe upande mmoja. Bibi yake Rolande aliyapanda, na mama wa bibi kabla yake. Hayana jina. Nyumbani wanasema tu "ya kwetu".

Kila mwaka aliyalima Evere, akala, akawagawia watu wa kanisani, akabakiza kidogo kwa ajili ya msimu unaofuata. Hakuwahi kuyafikiria sana.

Mwezi wa tatu mwaka huu, simu ilipigwa kutoka Walungu.

Vita vilipofika kilimani, mama yake na majirani walikuwa wamekimbia wakakaa miezi mingi mbali na nyumba zao. Waliporudi walikuta ghala tupu. Kile kidogo walichokimbia nacho walikuwa wamekila njiani, mbegu pamoja na chakula, kwa sababu watoto walikuwa wanalia.

"Mama aliniambia, 'Mwanangu, mbegu imeisha. Hata ku jirani hakuna. Tumeuliza mpaka ng'ambo ya mto, hakuna,'" Rolande anakumbuka. "Halafu akauliza kama kwangu iko. Nikajibu, ndiyo mama, iko. Nikakata simu, nikaenda ku armoire, nikafungua kopo ya sukari. Nikaona ile yenye ilibaki. Nikakaa chini, ku carrelage."

Msimu uliotangulia mvua ilikuwa imeharibu karibu yote. Alijaribu kuokoa mazao kwa kung'oa mashina yakiwa mabichi na kuyaning'iniza jikoni. Mbegu zikajikunja kama ngozi ya mzee, na hazikuota. Ndani ya kopo mlikuwa na za miaka ya nyuma tu, zisizojaza viganja viwili.

Mwezi wa tano alipanda nusu. Zikachipua, na ndani ya wiki moja ya mvua konokono wakazimaliza. Mwishoni mwa Juni alipanda nusu iliyobaki. Kila jioni baada ya kazi alikuja na tochi ndogo kuokota konokono kwa mikono. Mashina kama ishirini yakapona, yakapanda miti, yakatoa maua kwa kuchelewa, yakaweka maganda kwa kuchelewa zaidi.

Muda wote huo hakumwambia mtu. Majirani zake wa bustani waliona mwanamke anayejali sana maharage yake, basi.

"Hapa kila muntu iko na yake," anasema. "Nitaanza kusumbua bantu na mbegu?"

Hata asubuhi hii ya Jumamosi asingesema, isingekuwa Godelieve. Mazungumzo yamerudi tena kwenye baridi, na Godelieve anageuka kuangalia kiwanja cha jirani yake.

"Na wewe, Rolande? Hayo maharage utayachuma lini? Mwaka huu yamechelewa."

Rolande anashika kikombe kwa mikono miwili. Haangalii mtu.

"Bon. Kama gelée inashuka leo, sitayachuma."

Kisha anasema yote. Anaeleza kwa Kifaransa kwa ajili ya Godelieve, anakimbilia Kiswahili pale Kifaransa kinapomshinda. Simu ya mama. Kopo la sukari. Kwamba mbegu ikiganda ikiwa bado na maji ndani, inakufa hata kama kwa nje inaonekana nzima. Kwamba kwa kadiri yeye na mama yake wanavyojua, mashina yale pale mbele yao, chini ya njia ya ndege, ndiyo pekee yaliyobaki.

Ndege inapita.

"Maman Rolande," anasema Donat, "unanyamaza na hii tangu mwezi wa tatu? Na sisi tuko hapa tunazungumuza magoti?"

Anaweka kikombe chake chini, kahawa ikiwa bado imo, anainuka na kuondoka bila kuaga. Rolande alidhani amemkera.

Donat alirudi alasiri, ukungu ukiwa umeondoka na anga likiwa safi kama alivyosema. Alifungua buti ya gari, akatoa masanduku mawili makubwa, akayaburuta hadi kwenye kiwanja cha Rolande. Alipoyafungua, harufu ya dawa ya nondo ilisambaa hadi kwenye benchi.

Yalijaa vitenge. Vya harusi, vya misiba, vya siku kuu za kina mama, sare za kwaya za miaka na miaka. Vilikuwa vya mke wake, Lucienne, aliyefariki miaka minne iliyopita. Watoto walimwomba baba yao avigawe, naye kila mara akawajibu kesho.

Rolande alirudi nyuma. "Papa Donat, hapana. Hizi ni bikwembe ya maman Lucienne. Haziwezi lala inje."

"Lucienne alitoka nayo ku baridi mubaya kuliko hii, na viatu ya wazi," Donat alijibu. "Hakuna siku alisikia. Kamata upande ule, tufunike."

Godelieve naye alikuja akisukuma toroli. Ndani yake mlikuwa na mashuka mazito ya kitani, turubai alilolifunikia maua kila mwaka, na madumu aliyoyajaza maji ya moto nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara. Aliyapanga madumu chini, kati ya mistari, ili yatoe joto polepole. Mama yake, alisema, ndivyo alivyookoa nyanya zake.

Wakulima wengine wawili walioona zogo hilo walikuja kusaidia. Walifunga miti kwa kamba, wakatandika vitenge juu yake, wakaweka turubai na mashuka upande wa upepo, wakabana kingo kwa matofali. Jua lilipokaribia maghorofa, pumzi zao zilikuwa zimeanza kuonekana.

Jumapili asubuhi, kulipopambazuka, nilikuta wote watatu wamesimama mlangoni mwa bustani kana kwamba wanangoja kuruhusiwa kuingia.

Evere ilikuwa nyeupe. Nyasi zilivunjika chini ya viatu. Kabichi zilikuwa kama zimepakwa chumvi. Maua ya dalia ya Godelieve, fahari yake ya kila mwaka, yalikuwa yameinamisha vichwa, meusi, yamekufa. Turubai lake lilikuwa kwenye maharage ya jirani.

Na katikati ya weupe ule kulisimama kile kiwanja. Sina namna nzuri ya kukieleza. Vitenge vilikuwa vimeganda vikawa vigumu kama kuta, na jalidi ilikuwa imevifunika kwa unga mwembamba mweupe. Chini ya unga huo rangi zilikuwa zikionekana: nyekundu, njano, buluu ya kwaya, ndege na taa na maua makubwa. Jua lilipovuka paa la ghorofa na kugusa upande mmoja, ukuta mzima ukawaka.

Donat alivua kofia. Godelieve alimshika mkono. Nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa.

Rolande ndiye aliyekwenda. Alipiga goti kwenye nyasi ngumu, akaondoa matofali mawili, akainua pindo. Kitenge kilitoa mlio wa karatasi. Mvuke mwepesi ukatoka chini yake, kama pumzi ya mtu aliyelala, na nyuma ya mvuke yakaonekana majani. Yalikuwa ya kijani.

Aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa ganda moja, jingine, jingine. Tulimsikia akihesabu kwa Kishi, lugha ya mama yake. Kisha akaacha kuhesabu na kuweka paji la uso kwenye udongo.

"Iko moto," alisema akiwa bado pale chini. "Bantu bangu, kuko moto humu ndani."

Godelieve hakuelewa maneno, lakini alianza kulia. Donat alikuwa akiangalia kitambaa kimoja chenye ndege wa buluu. "Ile alivaa ku ndoa ya mutoto wetu," alisema polepole. "Angalia. Leo tena iko na kazi."

Mashina matatu ya pembeni, ambako pindo lilifunuka usiku, yaliungua kwa baridi. Yaliyobaki yalipona. Kwa siku zilizofuata watatu hao walipokezana kufunika jioni na kufunua asubuhi. Rolande akiwa kazini Woluwe, Donat alimpigia simu wakati wa mapumziko kumweleza hali ya hewa, kama alivyozoea zamani kuwatangazia abiria vituo.

Katikati ya Novemba maganda yalianza kulia yakibonyezwa. Waliyachuma yote na kuyamenya jikoni kwa Godelieve, wakizungumza juu ya mvua, bei ya gesi, na kama Sephora sasa anakula bugali. Anakula, ila kwa kijiko. Mbegu zilijaa bakuli moja kubwa la supu.

Rolande alimpigia mama yake kwa video palepale mezani. Nsimire, aliyezidi miaka themanini, alikuwa ameazima simu ya jirani na kuishika karibu mno, ikaonekana nusu ya uso. Aliomba aonyeshwe mbegu moja tu. Rolande aliisogeza kwenye kamera, doa jeupe likiwa mbele.

Mwanamke yule aliisogelea simu hata likabaki jicho moja tu kwenye kioo. Kisha vigelegele vikapasua kile chumba, na nyuma yake tukasikia milango ikifunguliwa, watu wakiuliza kuna nini, na sauti yake ikiwajibu, "Iko! Iko! Iko ku mwanangu!" Donat alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasalimia kamera kwa heshima zote.

Mpango ulikuwa rahisi. Godelieve na Donat wabaki na kikombe kimoja kila mmoja, ili mbegu isiwe tena mahali pamoja. Nyingine abebe Élisée, muumini wa kanisa la Rolande anayesafiri kwenda Bukavu Januari, zifike kabla ya upandaji wa Februari. Rolande ameshaanza kuulizia cheti cha afya ya mimea ili zipite mpakani bila taabu.

Nsimire alisikiliza hadi mwisho, akauliza Élisée ni nani. Akaelezwa.

"Ule mi simujue," alisema. "Leta weye."

Rolande alicheka, kisha akaona kwamba mama yake hachezi. Njia ya Walungu kwa sasa inapitika, alisema Nsimire, na shamba limeshaanza kusafishwa.

Jumatatu iliyofuata Rolande aliomba likizo ya Februari. Msimamizi wake alimwangalia kwa wasiwasi, akamuuliza anakwenda kufanya nini kule kwenye vita, baada ya miaka yote hii.

"Nikamuambia ukweli," anasema Rolande. "Naenda kulima na mama."