Ukuta wa Baba Kasrini Diriya

Baba ndiye aliyenitoa Jeddah. Ujanani alikuwa mwashi, akaajiriwa kukarabati ukuta wa kasri la kale kilimani Diriya, nje ya Riyadh. Akatia chokaa kwenye udongo, kama walivyofanya wazee wake Unguja. Msimamizi akamwambia ukuta huo utaanguka tu, akamfukuza. Mwaka huu, magoti yamekwisha kumkatalia, akaniambia: "Zuwena, kanitazamie kama umesimama. Na usinifiche kitu."

Alfajiri niliondoka Ghulail, mtaani kwetu Jeddah, kwa basi, nimenuna. Nilijua ni kiburi cha fundi hicho. Jangwa nalo halina haya: unalala, unaamka, lipo vilevile. Maghribi nikafika Riyadh, mtaa wa Malaz, kwa mama mdogo.

Asubuhi nilipanda kilima cha Diriya, na nuno likanitoka. Kuta za udongo zimerundikana juu kwa juu, bondeni mitende. Mlinzi mmoja Mkenya, Odhiambo, alinisikia nikisema "Mashallah, Baba!" akacheka.

"Madam, hapa ndio ilikuwa ikulu ya watawala wa kwanza wa Saudia," alisema. "Jeshi likatoka Misri, likawazingira miezi, halafu mizinga ikabomoa kila kitu. Ikakaa magofu zaidi ya miaka mia na hamsini, ndipo wakaanza kuikarabati."

Nilipomweleza habari ya ukuta, alinipeleka kwa fundi mzee, Msaudia, aliyekuwa akikanda udongo na majani makavu kwa miguu. Nikamuuliza kwa Kiarabu. Aliukumbuka. Chokaa ilizuia maji yasitoke, udongo ukaoza kwa ndani, na alfajiri moja ya mvua ukuta wote ukalala chini, hapana mtu karibu. Wakaujenga upya kwa udongo mtupu, nao huukandika tena kila baada ya mvua.

Njia nzima ya kurudi nilitunga uongo. Ningesema umesimama, nani angejua?

Jeddah, Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Nilipomtazama usoni uongo ukanishinda.

"Umeanguka, Baba."

"Palikuwa na mtu chini yake?"

"Hapakuwa na mtu. Ilikuwa alfajiri."

Akajifunika uso kwa kofia yake, akalia kwa sauti. "Alhamdulillahi. Miaka yote hii, mwanangu, kila mvua ikinyesha, mimi namsikia mtu chini ya ukuta ule."

Tangu utotoni nilimwona akikesha siku za mvua, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nami nimemnunia mpaka Riyadh, nikidhani ni kiburi.