Siku Meneja Alipotuona Wawili

Nilikuwa mpishi wa hoteli moja ndogo mjini Arua kwa miaka sita, na kazi ile niliipenda. Wageni waliokuwa wakienda Omugo kwenye makazi ya wakimbizi walipita kwetu kula, na wengine walinifuata hadi mlangoni mwa jiko kuniuliza kisra yangu, ule mkate wa mtama wa Kisudani, inakuwaje nyembamba vile.

Jumatatu moja nilirudi kazini baada ya siku tatu za malaria. Nilikuwa nimepiga simu kuomba ruhusa. Getini mlinzi alinipa bahasha, huku akitazama pembeni. Ndani mlikuwa na sentensi moja: kuanzia leo huduma zako hazihitajiki.

Nikaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Bosi, kosa langu nini?"

"Barua inajieleza," alisema, macho kwenye simu yake.

Nilivua aproni, nikachukua kisu changu, nikarudi nyumbani Koboko. Njia nzima nililia. Kufukuzwa kunauma, lakini kutojua umefukuzwa kwa nini kunauma zaidi.

Baba, askari mstaafu, aliisoma barua mara mbili, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kosa limeandikwa huko.

"Hata jeshini," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "mutu akifanya makosa anaitwa, anaambiwa makosa yake iko hii, anajibu. Ndiyo adhabu inakuja. Huyu meneja yako iko juu ya jenerali?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Pacha wangu hakucheka. Yeye hupika kwenye harusi za Koboko, na hasira zake ziko karibu kuliko zangu. "Kesho unaenda kwa afisa wa kazi," aliniambia. "Usipokwenda, nitaenda mimi na nitasema ni wewe."

Afisa wa kazi wa Arua alikuwa mama mtulivu, miwani juu ya paji la uso. Alisoma barua, akasema, "Mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi. Lakini lazima amwambie sababu, na amsikilize kabla ya kuamua. Nitamwita. Na wewe njoo na mtu wako mmoja."

Siku ilipofika, mtu wangu alikuwa pacha wangu, naye alichelewa. Tukaanza bila yeye.

"Sababu?" afisa alimuuliza meneja.

"Tunapunguza wafanyakazi."

"Na mpishi mpya niliyesikia umemwajiri wiki iliyopita?"

Meneja alikohoa. "Huyu dada anazidisha chumvi."

"Kwa miaka sita?"

Hapo uvumilivu ukamwishia. "Basi niseme! Alidanganya kwamba anaumwa. Jumamosi ile nilikuwa Koboko harusini. Nilimwona kwa macho yangu upande wa jikoni, anakoroga pilau na kucheza. Niko na picha!"

Akatuonyesha simu. Mwanamke alikuwa ameinua mwiko juu, kiuno kimepinda, meno yote nje.

"Huyo si mimi," nilisema.

"Si wewe? Dada, ogopa Mungu!"

Mlango ukagongwa. Pacha wangu akaingia, anahema. "Asalaam aleikum. Mnisamehe, boda iliharibika."

Meneja alimtazama, akanitazama, akaitazama simu. Akarudia tena, kana kwamba safari ya pili tungepungua. Dada yangu akainama kuiona ile picha.

"Ni mimi! Na wewe ulikuwa harusini? Pilau ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri," meneja akajibu kwa sauti ndogo.

Afisa alicheka mpaka miwani ikaanguka mezani. Kisha akatulia. "Bwana meneja, ungemuuliza kabla ya kuandika, ingekuchukua dakika ngapi?"

Meneja akasimama, akanigeukia. "Dada, nisamehe. Niliona hakuna haja ya kuuliza. Nilidhani najua."

Nilimsamehe, lakini nilitaka barua ifutwe kwa barua. Akaiandika palepale kwamba narudi kazini, akasaini mbele ya afisa. Nilimwomba pia asimfukuze mpishi mpya, maana yeye hakumkosea mtu. Wiki iliyofuata nilimkuta jikoni, binti kutoka upande wa Ayivu, amejikunja kwa wasiwasi. Nilimwambia asogeze meza tupate nafasi ya watu wawili. Chapati zake ni laini kuliko zangu, na sasa ananifundisha.