Picha ya Saa Tano

Kazi niliipata. Nianze na hilo, msije mkanihurumia bure. Kazi ninayoifanya hadi leo, ya kujibu komenti na kuandika maneno matamu chini ya picha za biashara za watu, niliipata siku ile ile aliyozikwa nyanya yangu, mamake mama. Na niliipata kwa sababu sikurudi nyumbani nilipoitwa.

Wakati ule tulikuwa watatu nyumbani, Shika Adabu, Likoni: nyanya, mama na mimi. Kazi yangu ilikuwa simu. Mama akiulizwa mwanao afanya nini, hujibu, "Yuko kwenye simu," kwa sauti ya mtu asemaye mwanawe yuko hospitali. Lakini wafuasi nilikuwa nao, si haba, na waandaaji wa kongamano moja la masoko ya mtandaoni wakanichukua niwe miongoni mwa watu wa kulipigia debe. Sharti lilikuwa moja: siku nzima, kila baada ya muda, akaunti yangu itoe jambo la furaha kuhusu kongamano.

Sasa, mtu wa kazi hii hakai kutwa akiandika. Waandika siku moja kabla, waweka picha, kila moja waipa saa yake ya kutoka, kisha waiacha. Zajituma zenyewe, kama taa za barabarani zinavyojiwasha. Mimi nilizipanga nane, alasiri ya siku ya kabla, nikiwa nimejilaza chumbani na nyanya yuko kitanda cha pili. Picha nilikuwa nimezipiga asubuhi yake tulipopelekwa kuuona ukumbi.

"Bado tu wabonyeza?" nyanya akaniuliza.

"Namaliza, nyanya."

"Humalizi wewe."

Alikuwa mgonjwa siku nyingi, ugonjwa ambao nyumba ilishauzoea. Alishatuaga mara tatu, na mara zote tatu akaamka akaagiza uji. Wasia wake ulikuwa mmoja, na aliurudia mpaka ukanichosha: siku yake ikifika, mimi ndimi nitakayemmwagia maji akioshwa. Si binti zake, si wajukuu wengine. "Mkono wako mwepesi," alikuwa akisema. "Hao wengine watanimwagia kama waosha gari." Nami hujibu, "Inshallah, nyanya," macho yangu yako kwenye kioo cha simu.

Asubuhi ya kongamano mama alinisimamisha mlangoni. Mtandio wangu ulimkera.

"Waenda kwa watu na kitambaa cha kupangusia meza?"

Akaingia ndani akatoka na wake wa zambarau, wa Idi, ambao hajawahi kumwazima mtu. Akanivisha mwenyewe, akaubana kando ya sikio kwa pini yake yenye ua jeupe. Nyanya akanitazama kutoka kitandani akasema, "Leo umekuwa mtu." Nikacheka, nikatoka mbio nisichelewe. Salamu za kuondoka sikumbuki kama nilizitoa.

Hoteli ilikuwa ng'ambo ya pili, upande wa Kisauni, nami nilifika mapema. Makongamano haya kama hujawahi kuyaona, hujakosa mengi. Wavishwa kamba shingoni yenye jina lako, na kuanzia hapo hakuna anayekutazama usoni. Mtu aja kwako macho yake kifuani pako, asoma unakotoka, apima kama una faida, kisha ndipo atabasamu. Hapana hujambo wala habari za asubuhi. "Wewe unafanya nini?" Ndiyo salamu yao. Ukimaliza kueleza, akwambia "tuwasiliane", na shingo ishageuka kumtafuta mwingine. Mimi mtu wa pwani, salamu peke yake kwetu ni robo saa. Nilikuwa nimeshakasirika kabla ya saa tatu.

Saa tatu na robo ukaingia ujumbe wa sauti wa mama. Jukwaani mtu mwenye viatu vyeupe alikuwa akitufundisha namna ya kuzungumza na mteja kibinadamu. Nikaweka kidude cha kusikilizia sikioni.

"Nyanyako ametutoka, mwanangu. Ametoka taratibu, chai yake hata hajaimaliza. Atazikwa adhuhuri. Tutamwosha saa nne na nusu, ukishafika. Njoo umwagie maji."

Niliusikiliza mara mbili. Nikangoja kusikia kitu ndani yangu. Wallahi, sikusikia. Nilijua kwamba nyanya amekufa kama unavyojua kwamba kesho ni Jumanne. Yule wa viatu vyeupe akasema jambo, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha nikaandika kwenye kundi la familia: *Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nipo njiani.*

Nipo njiani. Mombasa nzima inalijua neno hilo. Mtu hukwambia yupo njiani naye bado atafuta kiatu cha pili, na wewe hukasiriki, kwa sababu jana ulimwambia hivyo hivyo. Lakini kwa maiti halisemwi. Kwa maiti, ukisema upo njiani, watu huacha wanachofanya wakakungoja.

Nami nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nangoja chai.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Nairobi, mwenye kampuni yake ya matangazo, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tukizungumza mtandaoni. Mimi nikiandika, yeye aweka komenti. Yeye akiandika, mimi namjibu kwa Kiswahili chetu, acheka, atupia vikopa, vile vialama vya moyo. Ilianza kwa mzaha, ikaja ikawa kweli. Siku tatu kabla ya kongamano aliniandikia kwamba anatafuta mtu wa pwani wa kudumu, tuonane wakati wa chai. Nikajipigia hesabu yangu ya kijinga: chai ni saa nne na nusu, nitazungumza naye dakika kumi, nitapanda bodaboda, na kuosha hakuanzi saa ile waliyosema. Kwetu hakuna kitu kinachoanza saa ile waliyosema.

Chai ilichelewa. Yule mama naye alikuwa amezungukwa na watu kama andazi la mwisho sahanini. Nikasimama na kikombe changu. Simu ikatetemeka mfukoni: mama yangu. Ikatetemeka tena. Sikuitoa. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ningeweza kuwaambia sikuisikia. Niliisikia.

Zamu yangu ilipofika, yule mama alinishika mikono yote miwili. Na katika watu wote wa ukumbi ule, yeye peke yake ndiye aliyeniuliza, "Na nyumbani? Wote wazima?"

"Wazima," nikajibu. "Alhamdulillahi."

Neno lilitoka laini kabisa. Tulizungumza, tukacheka, akasema kazi ni yangu nikiitaka, akasema tupige picha. Tukaweka vichwa pamoja, nikanyoosha mkono, nikapiga. Nikaiposti pale pale, yeye akitazama, na chini yake maneno: *Hatimaye, ana kwa ana!* Ilikuwa saa tano kamili. Kisha nikatoka nje nikaita bodaboda.

Njia haikuninyima kitu, nisiisingizie. Pale Kongowea mikokoteni ilitupisha, na feri nilipofika ilikuwa yapakia. Ng'ambo nikachukua tuktuk. Nilipoukata mtaa wetu niliona migongo ya wanaume waliovaa kanzu, wengi, waenda kwa haraka, na juu ya mabega yao jeneza. Sauti ya shahada yaenda mbali nami. Mwanamke hafuati jeneza kwetu. Nikasimama pembeni mpaka wakapinda kona.

Ndani uwani sakafu ilikuwa bado maji, na majani ya mkunazi ya kuoshea maiti yamenata kwenye saruji. Mama alikuwa amekunja mikono ya gauni, vidole vyake vimekunjamana kwa maji, vyanuka kafuri.

"Tulikungoja," akasema. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulisema u njiani. Tukakungoja mpaka maji yakapoa, tukayapasha. Yakapoa tena. Sheikh akatuma mtu, adhuhuri yaingia. Nikammwagia mimi."

"Samahani, mama."

"Keti."

Nikaketi mkekani katikati ya wanawake. Walisoma, wakalia, mimi nikawatazama. Mwili mzima ulikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Watu walinitumia rambirambi kwenye simu nami nikawajibu kwa vidole vilivyozoea kazi: *Ahsante, tunathamini sana ujumbe wako.* Jibu la kampuni ya magodoro. Nilimjibu hivyo mpaka mwalimu wangu wa madrasa.

Saa nane hivi binti ya mama mdogo aliangalia simu yake, akaniangalia mimi, akaangalia simu tena.

"We! Si uko hapa?" akasema. Na kwa kuwa hana siri, akasoma kwa sauti: "'Nani bado ana nguvu? Mimi ndiyo kwanza nimewaka moto!' Dakika mbili zilizopita hii."

Kisomo kikasita. Mama mdogo akaipokea simu, akaisukuma juu kwa kidole. "Hii hapa ya saa sita na nusu. 'Chakula kitamu na marafiki wapya.' Saa sita na nusu mamangu alikuwa aswaliwa, wewe unakula na marafiki?"

"Nilizipanga jana," nikasema. "Zajituma zenyewe. Mimi sikuandika kitu leo."

"Zajituma vipi? Simu ina mikono?"

Wanawake wakaguna. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo, ilhali hilo lilikuwa kweli. Mama akanyoosha mkono. "Hebu nipe." Akavaa miwani yake, akazipitia polepole, moja moja. "Ni kweli," akawaambia. "Picha hizi ni za jana. Gauni hili alilivaa jana, nimelifua mimi. Mwanangu alikuwa njiani, hizi zilijituma tu. Mwacheni."

Guno likapoa. Kidole cha mama kikaendelea kushuka, kisha kikasimama.

Nilijua kimesimama kwenye ipi. Akaitazama sana ile picha. Kisha akaniinulia macho, si usoni, bali kichwani, kando ya sikio, pale alipoibana pini yake kwa mkono wake asubuhi. Mtandio wa zambarau nilikuwa bado nimeuvaa. Haikunipitia akilini kuuvua.

"Na hiyo je?" mama mdogo akauliza, akinyoosha shingo. "Nayo ya jana?"

Nilifungua mdomo.

"Ya jana," mama akasema. "Zote za jana." Akaizima simu, akaiweka chini ya goti lake, akamwambia aliyeshika msahafu aendelee.

Hajaniuliza tena. Picha bado ipo, watu bado wakati mwingine huipenda, na sijaifuta kwa kuwa sijui kuifuta kutamwambia nini. Baada ya arubaini niliufua ule mtandio, nikaupiga pasi, nikamrudishia na pini yake juu. Hakuupokea.

"Kaa nao wewe," akasema. "Mimi nikiuvaa nitakumbuka yale maji."