Injini ya Pikapu ya Mshenga

Jumapili moja mwaka huu, nje ya kanisa huko Endasak, watu wazima walimcheka mzee wa heshima kwa sababu ya neno alilosema.

Aliyewachekesha ni mimi mwenzenu.

Neno lenyewe ni fupi mno. Nusu ya waliocheka hawakujua hata wanacheka nini.

Naitwa Maximilian, wengi wananiita Maksi. Nakaa Maretadu, nanunua maharage kwa wakulima nayapeleka sokoni. Mke wangu Judica kwao ni Endasak, kwa hiyo kule ni ukweni kwangu.

Mzee ninayemsema ni Mzee Akonaay. Ana shamba lake, lakini anachojulikana nacho ni ushenga. Ukitaka kuoa pale Endasak na una akili zako, unamtafuta yeye akakusemee. Si kwamba anajua kupamba maneno. Anatafutwa kwa sababu hapambi.

Hata mimi alinisemea yeye. Alifika kwa mkwe wangu, Mzee Sebastiani, akaulizwa kijana ana tabia gani. Akajibu, "Ana hasira za karibu. Lakini ni mtu wa kazi, na ni makini."

Nilipoambiwa nilinuna, aisee. Ila mke nilipewa. Wakwe walisema mshenga anayetaja na ubaya, basi hata uzuri anaoutaja ni wa kweli.

Shikeni hapo kwanza, tutaparudia.

Sasa mzee alikuwa na pikapu, Hilux ya zamani kweli, kijani iliyopauka. Goti lake likaanza kumsumbua, kukanyaga klachi ikawa shughuli, akatangaza anaiuza. Nikasema hiyo ni yangu.

Shida ya pikapu hizi kuukuu ni injini. Zimeshabadilishwa weee. Kadi inasema hivi, muuzaji anasema vile, chini ya boneti kumelala kitu kingine kabisa. Za dizeli za ukoo wa L ziko kadhaa: kuna yenye 2, yenye 3, yenye 5, kila moja na nguvu zake na vipuri vyake. Anayejua ukweli ni bloku yenyewe, ule mwili wa injini, pale ilipogongwa namba.

Kwenye bloku tarakimu inakaa mbele ya L. Lakini huku kwetu mdomoni tunaipeleka nyuma, kama tunavyosema ng'ombe wawili, mbuzi watatu. L thrii. L faivu. Tarakimu unaitamka kwa Kiingereza cha shuleni, unajiona fundi.

Nikampigia simu. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za mifugo, zote tukamaliza. Nikamwomba anisomee kwenye bloku ni L gani. Akaniambia nisikate. Nikamsikia anamwomba mkewe kitambaa na dizeli kidogo, anafuta, anahema, goti linamuuma. Akarudi hewani.

"Imeandikwa L tuu."

L tuu! Nikafurahi, maana ndiyo niliyokuwa naitaka. L tuu na mzigo wa maharage nilishaviona vinaelewana.

Siku ya kuichukua nilivaa shati jeupe, si mnajua mambo ya ukweni. Boneti ikafunguliwa, nikasikiliza muungurumo, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Kuinama nisome namba nikaona nitachafua shati. Tukaelewana bei, nikaondoka nayo.

Safari ya kwanza na mzigo, mlima ukaikataa. Inapanda kwa kubembelezwa. Kabla sijafika juu ikachemka, maji yakaruka, gasketi ya hedi ikaungua. Nikavutwa kwa kamba hadi gereji ya fundi Nicodemo, Mbulu mjini.

Nikanunua gasketi ya L tuu. Nicodemo akaipima juu ya bloku, matundu yakagoma kukaa sawa. Akawasha tochi ya simu, akainama, akasoma. Akaniambia hii ni L ya mwanzo kabisa, ndogo kuliko zote, ile ambayo haina tarakimu yoyote mbele.

Halafu akaongeza kitu. "Mtu alishapafuta hapa. Ona palivyo pasafi."

Ningekuwa na akili ningejiuliza tapeli gani anayekufutia ushahidi ili usome vizuri. Lakini mimi nilishachemka kuliko hiyo injini.

Judica alijaribu kunizuia. Alinisihi nimpigie mzee niongee naye taratibu, kwani huyo ndiye aliyenisemea kwa baba yake. Nikamjibu kwamba ndoa ni ndoa na biashara ni biashara. Maneno ya kijinga kabisa, leo nayaona.

Jumapili nikashuka Endasak, nikasubiri watu watoke misani.

Mzee alikuwa amesimama na Patriki, jamaa ambaye kijana wake alikuwa anataka kuoa. Walikuwa wanapanga siku ya mzee kwenda kwa wazazi wa binti. Mkwe wangu alikuwa pembeni kidogo.

Sikutoa shikamoo. Kwetu kumfikia mzee bila shikamoo tayari ni tusi, hata usiposema lingine. Na mimi nilisema mengine. Nilimwita muongo, nikamwita tapeli, nikauliza watu wanawezaje kumwachia mtu wa namna hii akawasemee watoto wao.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Mwanangu, mimi nilikuambia ni L tuu."

Nikawageukia watu. "Mnamsikia? Fundi amesoma kwa macho yake, na yeye bado anang'ang'ania L tuu!"

Ndipo watu wakacheka.

Mzee akafungua mdomo kama anataka kusema kitu. Akamtazama mkwe wangu. Akanitazama mimi. Akaufunga. Nikajisemea moyoni, leo nimempata.

Wiki haikuisha, Patriki akatafuta mshenga mwingine. Aliwaambia watu kwamba anayedanganya kwenye injini hashindwi kudanganya kwenye mahari. Taarifa zikafika hadi kwetu Maretadu. Judica akawa ananiwekea chakula mezani na kwenda kukaa nje.

Gari bado lilikuwa gereji. Gasketi ya injini ile ni adimu, Mbulu sikuipata, nikaenda kuitafuta Katesh. Kwenye duka moja la vipuri nikamkuta dada anaitwa Loveness, mchangamfu. Akaniuliza nataka gasketi ya gari gani, nikamwambia Hilux ya dizeli, ya zamani. Akauliza ni L gani.

"L tu," nikamjibu.

Akaingia ndani, akatoka na boksi. Limeandikwa 2L.

Nikamwambia siyo hii. Akaniangalia kama mtu ninayemsumbua makusudi.

"Kaka, si umesema L tuu? Ndiyo hii."

"Sijasema L tuu, nimesema L tu. L peke yake, haina..."

Sikumaliza.

Jamani. L tu.

Mzee hakunisomea tarakimu kwa sababu haikuwepo. Aliulizwa ni L gani, akajibu kwa Kiswahili kwamba ni L, basi, hakuna kingine. Kile Kiingereza nilikiweka mimi masikioni mwangu, kwa sababu ndicho nilichokuwa natamani kukisikia. Na kanisani, nilipomdhalilisha, alirudia ukweli uleule. Mimi nikawaambia watu wacheke.

Nikashika kaunta. Loveness akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Sikurudi Mbulu. Nilikwenda moja kwa moja Endasak, nikamkuta mzee nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote, duka, boksi, neno.

Hakushangaa hata kidogo.

"Nilielewa palepale kanisani," akasema. "Ulipolirudia lile neno nikasikia umelivuta."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema, wangekucheka wewe. Na mkwe wako alikuwepo." Akaendelea kupukuchua. "Mimi ndiye niliyemwambia wewe ni makini. Ningekuumbua, ningekuwa nimemdanganya Sebastiani."

Nililia, sioni haya kusema. Mzee mzima aliacha jina lake lichafuke ili neno alilonisemea mimi lisigeuke uongo. Na mimi siku hiyohiyo nilikuwa nawaambia watu kwamba hana ukweli.

Jumapili iliyofuata nilisimama palepale, watu wakitoka misani, nikawaeleza kila kitu. Nikalisema lile neno fupi na lile refu mpaka kila mtu akaelewa. Safari hii walinicheka mimi, na walicheka sana. Mkwe wangu hakucheka. Yeye ndiye aliyeambiwa mimi ni makini; alivaa kofia yake, akaenda zake.

Patriki alimfuata mzee akamshika mikono yote miwili kuomba radhi. Lakini mshenga wake mpya alishafika kwa wazazi wa binti na alishapokelewa. Mshenga habadilishwi katikati ya safari. Na lile neno tapeli lilishatembea mbali kuliko maelezo yangu; tangu siku ile sijasikia aliyekwenda kumwita Mzee Akonaay.

Gasketi ilishapatikana na pikapu ilikuwa imeshapona, nilikuja nayo. Nikafungua mlango, nikamwomba mzee apande nimfikishe nyumbani.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Mimi nitatembea."

Akaanza kuteremka na goti lile, anasimama, anatembea, anasimama tena. Nilibaki nimeshikilia mlango wa gari lake mpaka alipopotea kwenye mahindi.

Nyie mnaonunua pikapu kuukuu, inameni msome wenyewe. Ukijibiwa, uliza mara ya pili, hasa jibu likiwa tamu. Na uliyemkosea mbele za watu, usiende kumwomba radhi nyuma ya nyumba ukadhani umemaliza, kama nilivyodhani mimi nilipokuwa nalia kwenye kigoda.

Siku ile niliogopa kuchafua shati. Shati linafulika. Jina la mzee wa watu bado sijajua nitalifua kwa sabuni gani.