Vigingi vya Fabian na reli ambayo majirani hawaiamini

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai ikiwa bado inauma vidole, Fabian Tluway na mkewe Sabina wanang'oa maharage kwa haraka nje kidogo ya mji wa Karatu. Kazi hii hufanywa kabla umande haujakauka. Jua likishapanda, maganda hupasuka na punje humwagika chini.

Shamba hili linahitaji watu wengi, lakini leo wamo wawili tu. Jikoni kuna sufuria kubwa ya makande waliyopikiwa watu ambao hawakutokea.

Katika mtaa huu watu huvuna kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye anayepika. Fabian hajawahi kukosa kwenye shamba la mwenzake. Leo ni zamu yake, na majirani wanapita barabarani wakitazama mbele.

"Wanadhani nimewauza," anasema bila kuinua kichwa.

Fabian, 48, ni fundi wa gereji anayetengeneza magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro. Balaa lake lilianza kwa mgeni aliyeharibikiwa na gari, akashinda gerejini akimwonyesha kwenye simu treni ndogo ya mfano inayozunguka bustani ya nyumbani kwake. Fabian, ambaye kwa Karatu hii honi ya treni hajaisikia hata siku moja, akapenda papo hapo. Penzi halichagui umri.

Mgeni alimwonya asinunue wala kutengeneza chochote kabla ya kuchagua kipimo. Treni ikiwa moja kwa themanini na saba ya ile halisi, kichwa chake kinaenea kiganjani na njia nzima inakaa mezani. Ikiwa moja kwa ishirini na mbili, kichwa kinafika urefu wa mkono hadi kiwiko, na kona zake zinadai uwanja.

"Ile ndogo inataka macho ya sindano, lazima uinunue," anaeleza Fabian. "Hii kubwa naweza kuiunda mwenyewe kwa vyuma vya gereji."

Ili aone tofauti, alichomeka vigingi vyenye vitambaa vyekundu uani na pembeni mwa maharage, akavuta kamba. Hapo ndipo aliposahau anaishi wapi. Watu wa hapa, na wa Ngorongoro pia, wakiona kigingi hawaulizi ni cha nini. Wanaulizana ni cha nani, maana kigingi hutangulia watu kuhamishwa.

Jirani yake Leonce alipomuuliza, Fabian aliona aibu kusema mtu mzima anapimia treni ya kuchezea. Akajibu kwamba anachimba mtaro wa maji ya mvua. Leonce akavifuata vigingi kimoja kimoja, akarudi.

"Nikamuuliza, mtaro gani unapanda mlima?" anasimulia Leonce akiwa upande wake wa mpaka, mikono nyuma.

Baadaye Fabian alisema ukweli kwenye sala ya jumuiya. Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Uongo wa mtaro ulikuwa na nafuu, maana huu ukweli haukuingia akilini mwa mtu. Wakaamua treni ya kuchezea ni kisingizio, na kwamba Fabian anawapimia wakubwa reli ya kweli. Eliamani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na kiwanja cha jirani, aliamka kesho yake akapanda miche ya parachichi, imebanana kama watoto kwenye benchi.

"Sijasema kuna reli," anasema Eliamani kwa upole. "Nasema parachichi ni zao zuri." Neno fidia halitamki, ila amelizungushia uzio.

Mwandishi wa habari hii naye alifika na shaka zake, akamuuliza Fabian mara mbili ni nani anayemlipa. Jibu alilopata ni kupelekwa stoo, akaonyeshwa behewa moja la bati la kopo la oili, halina magurudumu. Inasikitisha kuona mtu akikosa wavunaji kwa ajili ya kopo.

Leonce pia ameliona behewa hilo, na limemtia hofu zaidi.

"Wataalamu wote huanza na mfano," anasema. "Mfano ukikubalika, kubwa lenyewe linafuata."

Sabina alikuwa amemsihi mumewe achague ile ndogo, aiweke sebuleni, yaishe. Fabian alikuwa ameanza kukubali. Ila sasa jua limepanda, maganda yameanza kupasuka mikononi mwao na nusu ya shamba bado imesimama. Amebadili mawazo.

"Ndogo itakaa ndani, watasema naficha," anasema. "Naijenga kubwa, hapa nje. Leonce ataiona ikipita, ikirudi, ikipita tena, mpaka aichoke. Akishaichoka, atakuja tuvune."