Boio na Kope za Shemeji

Boio Igo aliufeli mtihani wa dawa mara mbili, na kijiji kizima kilijua. Kilijua kwa sababu ya shemeji yake, Dirona, mume wa dada yake Hane, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Kila likizo Boio alipoteremka kwenye lori akitoka chuo cha uuguzi huko Moresby, mji mkuu, Dirona alimpokea kikapu kwa heshima zote, kisha akapaza sauti: "Jamani, mpisheni daktari! Mwenye kuumwa kichwa asogee, apewe dawa ya miguu!"

Kilichomshinda Boio kilikuwa somo moja tu, la dawa zinazogusa ile mishipa ya fahamu inayouamuru mwili utulie: mate yatoke, chakula kisagike, moyo upunguze mbio. Kuna dawa za kuichochea mishipa hiyo na kuna za kuizima. Boio alikariri majina yake kama kasuku, na kama kasuku akayachanganya mbele ya karatasi.

Siku ya pili baada ya kufeli mara ya pili, mwalimu wao, Bi Launa, alimkuta nyuma ya bweni anatafuna popoo, ile kokwa ya kuchangamsha, kwa chokaa, macho yamemvimba kwa kulia.

"Popoo chuoni, Boio?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Nitakusamehe ukinijibu. Mdomoni una nini sasa hivi?"

"Mate. Yamejaa."

"Na kwenye paji la uso?"

"Jasho."

"Tumboni?"

Boio akaona haya. "Linanguruma, mwalimu. Kama linataka choo."

"Umekimbia? Umekula? Basi nani kakuamrisha yote hayo? Popoo, mwanangu! Mwili una mjumbe wake anayegonga mlango, na popoo inagonga mlango uleule. Sasa mweke atropini, ile dawa ya kuzima, hapo mlangoni, asimame kama bawabu. Itakuwaje?"

Boio akawaza. "Mdomo utakauka. Jasho litakatika, tumbo litanyamaza. Moyo utakwenda mbio."

"Na neostigmini?"

"Hiyo haigongi." Alikuwa anasema polepole, anajisikiliza mwenyewe. "Mjumbe akishagonga, kuna mfagiaji wa kumwondoa. Neostigmini inamfunga mfagiaji mikono. Wajumbe wanajazana mlangoni."

"Ehee! Kateme hicho kitu, unawe uso, urudi darasani."

Safari ya tatu alipata tisini na moja.

Miaka sita baadaye Boio ndiye alikuwa muuguzi wa zamu katika kituo kidogo cha afya pwani ya Rigo, asubuhi ya Alhamisi, Hane alipoingia mbiombio, nyuma yake wanaume wanne wamembeba Dirona kwenye mkeka.

Alikuwa ameumwa kisigino shambani, kwenye migomba, na nyoka yule mfupi mnene anayejifukia katika majani makavu. Alicheka, akamuua, akaendelea kulima. Saa nne kope zikaanza kumwangukia. Sasa zilikuwa zimebaki ufa mwembamba tu, shingo imelegea, mate yanamtiririka kidevuni, sauti inatokea puani.

Boio alimfunga mguu bendeji ndefu na kuutuliza kwa ubao. Akavuta damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa cha kioo, akaisubiri dakika ishirini. Iliganda. Basi kweli hakuwa yule nyoka mwingine wa huko, mrefu, ambaye sumu yake huzuia damu isigande. Alikuwa huyu mfupi, ambaye sumu yake huziba milango ya misuli, inayogongwa na mjumbe yuleyule, na wajumbe wakijazana huweza kuipenya. Dawa ya kukata sumu, aliyokwisha kuiagiza kwa simu, ilikuwa inakuja kwa boti kutoka mjini, lakini si kabla ya saa tisa alasiri, na Dirona alikuwa anavuta pumzi fupifupi kama mtu aliyelaliwa kifuani.

Akampigia simu daktari wa zamu mjini.

"Neostigmini unayo, sista?"

"Ninayo. Na atropini."

"Unaanza na ipi?"

"Atropini. Neostigmini ikitangulia peke yake itamzidishia mate, na kumeza hawezi. Moyo nao utapunguza mbio."

"Endelea. Sikati simu."

Hane alimshika mkono. "Mdogo wangu, unajua unachofanya?"

"Najua, dada."

Alishangaa jinsi neno lile lilivyotoka jepesi. Akaingiza dawa ya kwanza, kisha ya pili, taratibu, vidole vya mkono mwingine viko kwenye mshipa wa Dirona. Dakika tano zikapita. Kope ya kushoto ikatikisika. Kumi, na ya kulia ikapanda nusu, ikasita, ikapanda yote. Dirona akainua kichwa, akamtazama Boio.

"Kumbe uko mmoja," akasema. "Tangu asubuhi nawaona wawili wawili. Nikasema, Mungu wangu, mashemeji wawili kama huyu sitawaweza."

Hane aliangua kilio na kicheko kwa pamoja, akampiga kofi la bega. "Mwendawazimu wewe! Nimeshakuchagulia hata shati la kuzikwa!"

"Lipi?"

"Lile la maua."

"Lile limetoboka kwapani! Ulitaka kuniaibisha?"

Daktari, bado yuko kwenye simu, akauliza kelele hizo ni za nini. Boio naye alikuwa anacheka.

Nguvu ya dawa ilipopungua, kope zilianza kushuka tena, naye Boio akarudia, mara mbili, mpaka boti ikafika na dawa yenyewe. Dirona alikaa hospitali ya mjini siku tano, akarudi anatembea kwa miguu yake, anachechemea kidogo.

Jumamosi iliyofuata wakachinja nguruwe. Dirona alisimama kuhutubia, watu wakajiweka sawa kwa kicheko. Akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama shemeji yake. Mwishowe akakata kipande cha ubavu chenye mafuta mengi, kile ambacho kwa desturi hupewa mchungaji wa kanisa, akampelekea Boio mwenyewe kwa mikono miwili.

Mchungaji hakununa. Boio alikila palepale amesimama, mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.